Bushi ya Kitambaa Katika Levo ya Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 1952

Ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walio juu ya ardhi na walio chini yake kwa kazi, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi mpini wa fagio la Stoo Namba Mbili umekatika. Mazishi yamefanyika jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Mimi, Felician Mageni, mtunza stoo wa mgodi huu wa Ibambila, nimepeleka taarifa kwa Bwana Injinia na kuomba fagio jipya. Amesema kesho. Bwana Injinia husema kesho kwa kila jambo, ndiyo maana watu wanamwita Bwana Kesho. Yeye anadhani ni heshima.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia misumari. Misumari imekwisha, kurasa zimebaki, na mimi sipendi kuona karatasi inakaa bure.

Ijumaa, 7 Novemba

Mawingu yamekuja, yametutazama, yameondoka.

Jumanne, 11 Novemba

Limefika sanduku kutoka Ulaya kwa njia ya Mwanza. Ndani yake bushi sita za pampu. Kwa asiyejua, bushi ni bomba fupi nene, ambamo chuma cha pampu huzungukia bila kujilia. Miaka yote zilikuwa za shaba. Hizi ni za rangi ya asali iliyoungua, nyepesi, na ukizigonga zinalia kama mfupa. Nimeitazama moja kwa kioo cha kukuzia. Ni kitambaa! Nguo ya pamba iliyolowekwa gundi, ikaviringwa tabaka juu ya tabaka, ikakandamizwa kwa moto mpaka ikasahau kwamba ilikuwa nguo.

Kwetu Mhunze mama zetu wanavunjika migongo kuchuma pamba. Inapelekwa Ulaya, inarudi imekuwa chuma. Watoto wetu wakienda Ulaya wanarudi wamekuwa makarani tu.

Bwana Kesho anasema bushi hizi hazitaki mafuta. Zinalainishwa na maji yenyewe ya pampu. Shemeji yangu Donatus amefurahi kuliko wote. Yeye ndiye mwangalizi wa pampu ya Levo ya Tatu, chini kabisa, mahali ambapo mgodi wote unatiririshia maji yake. Akilala yeye, sisi tunakuwa wachimba kisima.

“Shemeji,” ameniambia, “mafuta yale yalikuwa yananuka hadi kwenye ugali. Sasa dada yako atanitambua nikirudi nyumbani.”

“Atakutambua, ila usishangae asipofurahi.”

Amecheka. Donatus ni mtu wa Ushirombo, mpole, anacheka hata mzaha usiomfaa. Alipomwoa mdogo wangu Theopista, mimi ndiye niliyemwombea kazi ya pampu. Nimewahi kujisifia jambo hilo mara nyingi kuliko ilivyo lazima.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo Fundi Athanas amekereza bushi mbili kwa ajili ya pampu ya Donatus. Fundi Athanas ni mkerezaji wetu, anayechonga vyuma kwenye mashine ya kuzungusha. Alifundishwa kazi na mapadre, na tangu siku hiyo anatembea kama bata aliyepewa daraja la ushemasi. Lakini mikono yake sina la kusema.

Karakana ina desturi yake. Fundi akimaliza bushi huichomeka kwenye chuma chake, akakisimamisha chuma wima, akaachia mkono. Bushi ikiteleza chini, watu wanaimba, “Koti la marehemu! Koti la marehemu!” na fundi anashinda na aibu wiki nzima. Ikikaa pale juu bila kuteleza, ila ikizungushwa kwa kidole inazunguka, basi wote wanagonga vyuma mara tatu, na jioni pombe ya mtama ni juu ya wengine.

Za Athanas zilikaa. Nafasi aliyoiacha kati ya bushi na chuma haifiki nusu ya unywele. Vyuma viligongwa, na mimi niligonga pia, kwa ufunguo wa stoo.

Kisha nikafungua mdomo. “Fundi, lakini hicho si shaba. Ni nguo.”

Athanas akanitazama kuanzia viatuni. “Na wewe uliyevaa nguo, imekubana wapi?”

Karakana yote ikaangua kicheko. Donatus pia alicheka, kisha akaona aibu, akajifanya anakohoa.

“Mzee wa misumari,” Athanas akaongeza, “kahesabu misumari yako. Chuma tuachie wenyewe.”

Naandika hapa tu kwamba mimi nina umri wa miaka thelathini na nne, na yeye ana thelathini na sita.

Jumatatu, 1 Desemba

Bushi zimefungwa. Pampu inaimba vizuri.

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua ya Jumamosi na Jumapili imepata tundu kwenye bati la stoo. Bushi nne zilizobaki nilizipanga ndani ya kipande cha bomba la chuma kilichozibwa chini, zisiviringike. Leo nimekuta bomba limejaa maji. Nikamwaga, nikataka kuzitoa. Tatu za juu zimetoka kwa shida. Ya chini haitoki. Ijumaa niliiingiza kwa kidole kimoja! Nikapiga kwa nyundo ya mbao, haikutikisika. Nikaweka bomba karibu na jiko la mkaa, nikaliacha.

Jumatano, 17 Desemba

Baada ya siku mbili za jiko, imetoka yenyewe nilipoinamisha bomba. Ilianguka mguuni mwangu kama mtu anayesema, “Umeelewa?”

Nimeelewa. Nguo imekumbuka kwamba ni nguo.

Sasa fikiria bushi iliyo ndani ya pampu. Nje imebanwa na nyumba yake ya chuma, haina pa kutanukia ila ndani. Na ndani kuna chuma kinachozunguka, na nafasi ya nusu ya unywele aliyogongewa Athanas mara tatu.

Nimeamua kupima. Nimechukua moja ya zile tatu za juu, iliyokwisha kukauka, nzima kama ilivyotoka sandukuni, nimeitumbukiza kwenye debe la maji hapa stoo. Kila Jumanne nitaifuta, nitaipima kwa mizani ya barua ambayo ofisi iliitupa, na nitapima unene wa ukuta wake kwa kipimo cha chuma chenye midomo kama ya korongo. Sijaenda shule zaidi ya darasa la nne. Lakini maji hayaulizi darasa.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Theopista amepika pilau. Mtoto wao Lukresia amejifunza kusema “Mjomba” na anamwita hivyo hata mbuzi.

Jumanne, 6 Januari 1953

Kipimo cha tatu. Nimegundua jambo ambalo lingestahili kugongewa vyuma, kama wangekuwapo wa kugonga. Bushi hainywi maji kwa mwendo mmoja. Wiki ya kwanza ilikunywa sana, ya pili kidogo, ya tatu kidogo zaidi. Ni kama mgeni kwenye pombe: bakuli la kwanza halionekani lilipopita, la pili analisemesha, la nne analitazama tu. Nimepiga hesabu. Ili inywe mara mbili ya ilivyokunywa, inataka siku mara nne. Kwa hesabu hiyo, ukuta utanenepa nusu ya unywele karibu na Pasaka, yaani mwanzo wa Aprili.

Basi wakati upo tele.

Jumatano, 7 Januari

Naandika hili kwa sababu nimeliwaza usiku kucha na lisipoandikwa litaniharibia kazi.

Nikimwambia Athanas leo, atanicheka mbele za watu, kisha ataondoka kimya akapanue bushi, na mwisho wa mwezi itakuwa ni yeye aliyegundua. Nikimwambia Bwana Kesho leo, atasema kesho. Lakini nikienda kwa Bwana Kesho wiki ya Matawi, nikiwa na daftari la vipimo vya majuma kumi na tano, nikamwambia, “Bwana, pampu yako itakwama ndani ya siku saba, na hii ndiyo sababu,” kisha akaifungua akakuta ni kweli! Mtu wa namna hiyo haachwi stoo kuhesabu misumari. Ukweli ni kama mpunga. Ukiuvuna mbichi, hauna bei.

Hakuna anayeumia. Pampu itakuwa imefunguliwa kabla ya kukwama. Nimepiga hesabu.

Jumanne, 20 Januari

Kipimo cha tano. Inakunywa kama nilivyosema. Nimetembea karakana nzima nikipiga mluzi.

Jumanne, 3 Februari

Kipimo cha saba, sawasawa na hesabu. Donatus amepita stoo kuchukua tambi za taa. Amesema pampu inapata joto kidogo kuliko zamani, na maji ya Levo ya Tatu nayo yenyewe ni ya moto, “unaweza kunawia uso wa mzee.”

“Tangu lini?” nimemuuliza.

“Wiki hii. Nimemwambia Fundi Athanas, akasema chuma kipya na bushi mpya ni kama bwana na bibi harusi, lazima wapate joto kwanza.”

Nimecheka. Mzaha ulikuwa mzuri, kwa mtu kama Athanas. Nikamwongezea Donatus tambi mbili zaidi ya haki yake.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padre amenipaka mengi.

Jumapili, 22 Februari

Mvua tangu jana haijakata. Kwa kawaida Februari mvua hupumzika. Mwaka huu imesahau.

Jumanne, 24 Februari

Lazima niandike yote, na niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa. Maji yaliingia mdomoni mwa mgodi kama watu waliochelewa Misa. Bwana Kesho aliamuru pampu isisimame hata kidogo. Saa nne nikapima bushi yangu, kipimo cha kumi. Bado sehemu ya kumi ya unywele kabla ya hatari. Niliandika tarakimu hiyo kwa mwandiko mzuri. Ipo ukurasa wa nyuma, wino wake haujatikisika.

Saa sita kasoro nikasikia king'ora.

Watu wa Levo ya Tatu walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwenye ngazi, wamelowa mpaka kifuani. Nikawa nawahesabu. Mimi kazi yangu ni kuhesabu. Walikuwa kumi na mmoja, na Donatus hakuwamo. Athanas akafika akikimbia, yeye asiyekimbia. Akamshika mmoja mabega.

“Pampu imefanyaje?”

“Imekwama, Fundi! Imelia kama ng'ombe, ikasimama. Donatus amebaki anaibembeleza.”

“Peke yake?”

“Alisema sisi tupande. Akasema akiizungusha kidogo tu, itakubali.”

Athanas akashuka. Sikumwona akifikiri. Mimi nilisimama mdomoni mwa shimo na ufunguo wa stoo mkononi.

Walitoka baada ya muda ambao sikuupima. Athanas alikuwa amembeba Donatus mgongoni. Mkono wa kulia wa Donatus ulikuwa umefungwa kwa shati la Athanas, na shati halikuwa tena na rangi yake. Donatus alikuwa ameingiza mtaimbo kwenye gurudumu, akalisukuma kwa mkono wa kulia. Pampu ilikubali mara moja, nusu mzunguko, ikakamata tena. Mtaimbo ukarudi ukaponda vidole vyake.

Aliponiona alijaribu kucheka. “Shemeji,” akasema, “bibi harusi amekataa.”

Levo ya Tatu sasa ni ziwa. Pampu iko chini yake.

Jumatano, 25 Februari

Theopista amekaa hospitalini siku nzima. Aliniuliza, “Kaka, wewe unasoma mambo ya mashine. Ni nini kile?”

Nikasema sijui.

Ijumaa, 27 Februari

Leo baraza ofisini. Bwana Kesho mezani, karani wake pembeni akitafsiri, Athanas, Donatus na mkono wake kwenye bandeji, na mimi nimeitwa kuthibitisha kwamba bushi zilitoka stoo zikiwa mpya.

Bwana Kesho amesema hivi: pampu inayolainishwa na maji haikwami isipokuwa imekosa maji. Na haikosi maji isipokuwa mwangalizi amelala akaiacha inyonye hewa.

“Sikulala, Bwana,” Donatus amesema. “Maji yalikuwa mpaka magotini. Ingekosaje maji?”

“Fundi, bushi zako zilikuwa vipi?” Bwana Kesho akauliza.

Athanas akasimama wima. “Bwana, zilikaa kama kizibo kwenye chupa. Sijawahi kukereza zilizokaa vizuri kuliko hizo. Watu wote waligonga.”

Kila alilosema ni kweli, na kwa ukweli huo ndipo Donatus alipoangamia.

Bwana Kesho akanigeukia. Bushi zilikuwa mpya? Mpya, Bwana. Una la kuongeza?

Kulikuwa na nzi kwenye kidau cha wino. Nilimtazama mpaka akaruka.

“Hapana, Bwana.”

Donatus ameachishwa. Karani ameandika barua ya kumwachisha, na nimeiona kwa macho yangu: mzembe, alilala kazini, pampu imepotea. Kwa barua hiyo hakuna mgodi utakaompa hata pampu ya baiskeli. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akasema asante. Na ningepaswa kusema nini? Ningesema, “Bwana, nilijua tangu Desemba, nilikuwa nangoja Pasaka?”

Jumatatu, 2 Machi

Wameondoka kwa miguu kwenda kutafuta lori. Mvua. Nilitoa mwavuli wangu, Theopista hakuupokea, ila hakuwa na hasira. Alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, mikono haikutosha.

Alhamisi, 5 Machi

Sikuandika kitu.

Jumanne, 10 Machi

Kwa nini Februari, na si Aprili? Hesabu yangu haikukosea kujumlisha. Nimerudia mara nne.

Leo nimeshika bushi ya debeni mkono mmoja na kipande cha ncha alichokata Athanas Novemba baada ya kukereza mkono mwingine, nikaona. Yangu inang'aa nje na ndani. Ina ngozi. Gundi imefunika kila uzi, kama ilivyotoka kiwandani. Ya Athanas imechunwa kwa kukerezwa. Ukiitazama kwa kioo, nyuzi zimekatwa, midomo yao iko wazi, maelfu. Kila uzi ni mrija. Maji hayakuwa na haja ya kubisha hodi kwenye gundi, yaliingia kwa mlango wa nyuzi, yakatembea katikati ya uzi na gundi mpaka ndani.

Mimi nilipima bushi yenye ngozi, kwa maji baridi ya stoo. Donatus alikuwa na iliyochunwa, kwenye maji ya moto. Nilipima kitu kisichokuwapo, kwa usahihi mkubwa.

Nimetia kipande kilichokerezwa kwenye sufuria juu ya jiko, moto mdogo.

Jumanne, 17 Machi

Kwa siku saba kimekunywa kiasi ambacho bushi yangu ilikunywa kwa wiki kumi.

Joto. Aliniambia joto. Nikampa tambi mbili.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kuungama kabla ya Matawi. Nilieleza kwa kirefu, na nyuzi nilizieleza. Padre akasema, “Mageni, umeleta habari kwa mtu asiye na kazi nayo. Mimi siandiki barua za mgodi.”

Jumatatu, 30 Machi

Nimekwenda.

Nilimpa Bwana Kesho daftari hili. Nikasema, “Bwana, humu mna sababu ya pampu, na mna kosa langu. Donatus hakulala.” Akalifungua, akalifunga. Kiswahili chake ni cha kuagizia chai. Karani alikuwa amekwenda Mwanza. Akapaza sauti dirishani, “Ita Athanas!”

Hilo sikulipigia hesabu.

Athanas alikaa kwenye kiti, akavaa miwani ambayo sikujua anayo, akasoma kimya kwanza. Nilijua yuko wapi kwa kutazama uso wake. Alipofika kwenye bata, akanitazama juu ya miwani.

“Daraja la ushemasi?” akauliza taratibu.

“Fundi...”

“Ngoja.” Akaendelea. Kisha akaanza kumtafsiria Bwana Kesho, neno kwa neno, kwa Kiingereza cha mapadre. Hakuruka kitu. Alitafsiri koti la marehemu. Alitafsiri “nafasi haifiki nusu ya unywele,” na hapo akarudia mara ya pili kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetaja jina lake mahakamani. Alitafsiri hata jambo la Kesho. Bwana Kesho akawa mwekundu, ila hakumkatiza.

Tulipomaliza, Bwana Kesho alichukua kipande cha bushi, akakitazama kwa kioo changu muda mrefu. Kisha akaniuliza mwenyewe, “Kwa nini wewe nyamaza?”

“Nilikuwa nangoja Pasaka, Bwana.”

Akasema barua ya Donatus itaandikwa upya: hana kosa, ni mwangalizi mwangalifu, apewe kazi popote. Na akasema mimi nitafukuzwa. Lini? Kesho.

Nje, Athanas alisimama akikunja miwani. Nilimngoja anitukane, nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimemchagulia tusi.

“Ungeniambia Januari,” akasema, “ningekucheka.”

“Najua, Fundi.”

“Mbele za watu wote ningekucheka. Lakini jioni, wakiondoka, ningekwenda kupima.”

Akaenda zake. Nimekaa miezi mitano nikimtazama mtu huyu kila siku, nikaandika juu ya mwendo wake, na sikujua.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Kesho bado haijafika, niko stoo.

Jumanne, 21 Aprili

Athanas amekereza bushi mbili mpya za kitambaa kwa pampu ya Levo ya Pili. Kwanza alizikereza, kisha akazichemsha siku kumi kwenye pipa, kisha akazikereza tena zikiwa zimekwisha kushiba, akaacha nafasi kubwa kuliko ya zamani. Alipoachia mkono, zikateleza chini ya chuma. Wale wa karakana wakaanza, “Koti la ma...” na hakuna aliyemalizia. Hakuna aliyegonga pia.

Barua mpya ya Donatus imetiwa sahihi. Nimeomba ruhusa ya kuipeleka mwenyewe. Ruhusa ni kesho.

Jumapili, 10 Mei

Nimepata ruhusa.

Jumamosi, 16 Mei, Kahama

Nilikwenda Ushirombo kwanza. Wakasema hawapo, wamekwenda Kahama, mtaa wa Nyahanga. Nimewakuta leo katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mpunga. Theopista akanipigia magoti nusu, kama anavyomwamkia mgeni.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, Mama Lukresia.”

Akanipa maji na kiti. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamweleza yote, tangu debe mpaka baraza. Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye “Hapana, Bwana,” aliinua uso, akaniangalia, akauinamisha.

“Niliuliza,” akasema. “Pale hospitalini. Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

Donatus alirudi mchana, amejaa vumbi la pumba. Anabeba magunia hapo ghalani. Tulisalimiana kwa mkono wa kushoto. Nikamsomea barua mpya mara mbili, polepole, nikamwonyesha sahihi. Akasikiliza kwa makini, kwa sababu ni mtu wa adabu.

“Asante, shemeji. Umesumbuka.”

“Sasa unaweza kwenda kwenye almasi, Shinyanga. Au mgodi wowote. Watakupa pampu.”

Akanionyesha mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki. “Nilikwenda. Hata hawakuuliza barua. Mtu wa pampu wanamtazama mkono.”

“Lakini ile ya kwanza, ile mbaya... watu wameisoma. Hii itaisafisha.”

Donatus akamtazama mkewe. Theopista akapepeta mchele.

Kisha Donatus akanieleza: barua ya kwanza ililowa mfukoni mwake siku ileile waliyoondoka, ikawa uji kabla hawajapata lori, na hakuna mtu aliyewahi kuisoma.